BAISKELI INAPOLIA: JINSI YA KUTAMBUA UGONJWA WAKE NA KUKAA JUU YAKE BILA MAUMIVU

(Maelezo yaliyotolewa mjini Kampala na mwalimu wa shule ya msingi, mbele ya wajumbe wa kamati, wakazi na wafanyakazi wa mashirika, kwa ajili ya Siku ya Wakimbizi Duniani)



Kila mwaka tarehe 20 Juni tunasikia hotuba nyingi. Siku hii ilikuwa ya wakimbizi wa Afrika kabla Umoja wa Mataifa haujaifanya ya dunia nzima kuanzia mwaka 2001. Tunasikia juu ya amani, juu ya haki, juu ya kurudi nyumbani. Maneno hayo ni ya lazima. Lakini kamati iliniomba niseme jambo ambalo mtu ataondoka nalo hapa na kulitumia kesho asubuhi. Nimechagua baiskeli.

Tusidhani kuwa hili ni jambo dogo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea na kufanya kazi katika nchi hii. Lakini haki ya kutembea bila chombo cha kutembelea ni nusu ya haki. Wenzetu wanaokaa kambini, au makazi kama serikali inavyoyaita, wanajua umbali wa kutoka shamba hadi zahanati. Wanajua mahindi hufikaje sokoni, na mama mjamzito hupelekwaje usiku gari lisipopatikana. Sisi tunaokaa hapa mjini tunawaona vijana wetu wakipandisha mkaa, ndizi na madumu ya maji katika vilima vya Kampala. Baiskeli ikivunjika, chakula cha siku ile kimevunjika. Na ikivunjika katika mteremko, mtu naye huvunjika.

KITU TUNACHOKIPANDA

Waganda huiita gaali, Wakongo wengi husema kinga, Waswahili husema baiskeli. Chombo ni kimoja. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl Drais, alitengeneza kitu cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, bila pedali. Mtu alikisukuma kwa miguu akikanyaga ardhi. Waliotoka Goma watacheka, maana wanalijua chukudu letu la mbao, linalobeba magunia hadi leo. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo mama wa baiskeli zetu zote, iwe Raleigh ya Uingereza, Hero ya India au Phoenix ya China.

Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop alipata hati ya tairi la kujazwa upepo. Dunia ikataka mpira mwingi. Sisi tuliozaliwa Kongo tunajua mpira huo ulitoka wapi na kwa gharama gani. Katika utawala wa Mfalme Leopold II, kuanzia 1885 hadi 1908, babu zetu walilazimishwa kukusanya utomvu wa mpira msituni kwa mijeledi na kwa kukatwa mikono. Silisemi hili ili tuichukie baiskeli. Nalisema ili tusiidharau, kwa sababu watu walikwisha kuilipia kwa damu.

Na neno boda boda, ambalo leo watu hulitumia kwa pikipiki, lilianza na baiskeli. Katika miaka ya 1960, pale mpakani Busia, vijana walikuwa wakivusha abiria na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya. Waliita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilirudia mara mbili. Chombo hiki kilianza kazi yake ya abiria kwa kuvusha watu mpaka. Sisi wakimbizi tunakielewa.

USIULIZE INALIA VIPI, ULIZA INALIA LINI

Sasa nije kwenye kiini. Mzee mmoja jirani yangu alinijia akasema, "Mwalimu, baiskeli yangu inalia kama panya." Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Inalia lini?" Akasema, "Inalia kila siku." Nikamwambia, "Hapana mzee. Inalia ukikanyaga, au hata ukiacha kukanyaga?" Akanyamaza, akaenda kuipanda tena, akarudi na jibu. Jibu hilo lilimwokolea fedha, kwa sababu fundi alikuwa ameshamwambia anunue mnyororo mpya, na kumbe tatizo lilikuwa madigadi iliyogusa tairi.

Daktari mwema hampi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza maswali. Baiskeli nayo ina maswali yake, na ni matano.

Swali la kwanza: Ukiacha kukanyaga na kuiacha itembee yenyewe, sauti inaendelea? Ikiendelea, ugonjwa uko kwenye magurudumu, madigadi, breki au kitu kilicholegea. Ikinyamaza, ugonjwa uko kwenye pedali, mikono ya pedali, ekseli ya katikati au mnyororo. Friwili ni ubaguzi: ile hulia tik-tik-tik unapoacha kukanyaga, na huo ndio uzima wake.

Swali la pili: Ukisimama juu ya pedali bila kukaa, sauti inaendelea? Ikinyamaza, tazama kiti, springi zake na nati inayokishika.

Swali la tatu: Sauti hutoka ukikata kona au ukishika breki ya mbele? Basi chunguza shingo ya usukani, gololi zake na uma wa mbele, ambao mafundi huuita foki.

Swali la nne: Hulia tu ukiwa umebeba mzigo? Tazama keria, bolti zake, na spoki za nyuma.

Swali la tano ni la hesabu, nami kama mwalimu nalipenda zaidi. Sauti hurudi mara ngapi? Hesabu meno ya gurudumu la meno la mbele, halafu hesabu ya nyuma. Tuseme mbele ni 48 na nyuma ni 20. Pedali zikizunguka mara 5, tairi huzunguka mara 12. Basi mwambie mtoto atembee pembeni akihesabu. Sauti ikitokea mara 5 katika mizunguko 5 ya pedali, ugonjwa uko kwenye pedali au mikono yake. Ikitokea mara 12, uko kwenye gurudumu la nyuma. Na ikitokea mara moja tu kila pedali zinapozunguka mara mbili na zaidi kidogo, tafuta pingili moja ya mnyororo iliyoganda, kwa sababu mnyororo mzima huchukua muda huo kumaliza duru. Nimewafundisha watoto wa darasa la tano kuzidisha na kugawanya kwa njia hii, na hakuna aliyesinzia.

SAUTI NA DAWA ZAKE

Kwi-kwi-kwi, kama panya. Mara nyingi ni mnyororo mkavu. Usimwage oili juu ya vumbi. Udongo wetu huu mwekundu ukichanganyika na oili unakuwa kama msasa, unakula meno. Kwanza futa mnyororo kwa kitambaa kikavu mpaka ung'ae. Kisha tia tone moja la oili kwenye kila pingili, zungusha pedali kinyumenyume, halafu futa tena ya juu. Oili inayofaa ni ile iliyoingia ndani ya pingili. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwa maana huganda na kunata.

Kra-kra, na mnyororo kuruka ukikanyaga kwa nguvu. Huo umevutika. Chukua rula ya shule yenye inchi 12. Weka sifuri katikati ya pini moja. Katika mnyororo mzima, inchi 12 huangukia katikati ya pini nyingine kabisa. Pini ikiwa imepita alama hiyo kwa sehemu ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umekwisha. Ukichelewa kuubadili utakula na meno, nawe utanunua vitu vitatu badala ya kimoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mnyororo mpya nao usikazwe kama kamba ya ngoma. Katikati yake uweze kupanda na kushuka sentimita moja hadi mbili.

Ko, ko, ko, mara moja kila mzunguko wa pedali, na mguu unahisi kitu kinacheza. Hiyo ni kotapini, ile pini inayoshika mkono wa pedali kwenye ekseli. Wengi hukaza nati yake kwa nguvu zote mpaka inakatika. Nati haikuwekwa pale kuivuta pini, kazi yake ni kuizuia isitoke. Weka gogo au jiwe zito chini ya mkono wa pedali, gonga pini kwa nyundo iingie sawasawa, ndipo ukaze nati. Ukiendesha siku nyingi na pini iliyolegea, tundu linapanuka, na pini mpya haitashika tena.

Tik, pale pale unapokanyaga upande mmoja. Pengine ni pedali yenyewe. Ifungue, tia grisi kidogo, ifunge tena. Lakini kumbukeni kwamba pedali ya kushoto ina uzi wa kinyume. Nitawapa njia ya kukumbuka: spana ikiwa juu ya pedali, kuisukuma kuelekea mbele ya baiskeli ni kufunga, kuivuta kuelekea nyuma ni kufungua, kwa pande zote mbili. Vijana wengi wameharibu uzi kwa kutojua hilo.

Ngr-ngr-ngr, kama mtu anayesaga mahindi. Hizo ni gololi. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono, shika fremu ukihisi. Kisha lisukume kushoto na kulia. Likiwa linacheza, koni imelegea. Likiwa zito na lenye mikwaruzo, grisi imekwisha au gololi zimevunjika. Usiendelee kuendesha, kwa sababu gololi moja iliyovunjika husaga zenzake zote.

Ting! mara moja, halafu gurudumu linaanza kuyumba. Spoki imekatika. Baiskeli nyingi za mzigo zina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Ikikatika moja, jirani zake hubeba mzigo wake, na hukatika moja baada ya nyingine. Jifunzeni kuzipiga kwa kidole kama nyuzi za gitaa. Iliyokaza hutoa sauti ya juu, iliyolegea huitika kama kamba ya nguo. Mtoto mwenye sikio zuri anaweza kumsaidia fundi kazi hiyo.

Kelele kali ukishika breki. Rimu ina mafuta, au raba za breki zimekwisha na chuma kinagusa chuma. Safisha rimu kwa majivu na maji, ikauke. Nakumbusheni pia kwamba rimu zetu ni za chuma, na chuma kikilowa breki hushika kwa shida sana. Mvua ikinyesha, anayeshuka Namirembe au Makerere aanze kushika breki mapema sana, au ashuke atembee. Kutembea si aibu.

SAUTI AMBAYO HUPASWI KUIVUMILIA

Ziko sauti za kuvumilia mpaka Jumamosi, na ziko za kushuka papo hapo. Mlio wowote wa kupasuka kutoka uma wa mbele au shingo ya fremu ni wa kushuka. Geuza baiskeli juu chini, futa vumbi, tazama kwa makini pale uma unapoungana na shingo, chini kwenye ekseli ya katikati, na pale gurudumu la nyuma linapofungwa. Ukiona mstari mwembamba wa kutu uliopasua rangi, hapo chuma kimekwisha kupasuka kwa ndani. Uma wa mbele ukikatika katika mteremko, mtu hutangulia kwa uso, na abiria wake humfuata.

Mafundi wa kuchomelea wa Katwe ni hodari, na wengi huongeza vyuma kwenye uma na keria ili baiskeli ibebe zaidi. Kazi hiyo ni nzuri ikifanywa kabla chuma hakijapasuka. Uma uliopasuka ubadilishwe, usipakwe rangi.

KUKAA BILA MAUMIVU

Ndugu zangu, baiskeli hulia kwa sauti, na mwili hulia kwa maumivu. Watu wengi wameacha baiskeli wakisema mgongo umezeeka, kumbe kiti kiko chini. Basi tusikilize mwili kama tulivyosikiliza chuma.

Kwanza urefu wa kiti. Egemea ukuta, kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukiendesha sasa kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunja kidogo tu, na ndivyo inavyotakiwa. Anayebeba abiria mjini anaweza kushusha kiti kidogo ili vidole vya mguu viguse ardhi akisimama ghafla. Lakini asishushe mpaka magoti yapande kifuani. Na mtu mrefu asivute bomba la kiti mpaka mwisho. Sentimita 7 zibaki ndani ya fremu, la sivyo fremu itapasuka.

Pili, kiti kisogee mbele au nyuma. Weka pedali zikiwa usawa mmoja, mbele na nyuma. Funga jiwe dogo kwenye uzi, lining'inize kutoka mbele ya goti lililo mbele. Uzi upite karibu na katikati ya pedali. Ukipita mbele sana, sogeza kiti nyuma. Ukiwa nyuma sana, kisogeze mbele.

Tatu, kiti kiwe sawa kama meza. Pua ikiangalia juu, sehemu za siri hufa ganzi. Ikiangalia chini, unateleza mbele na mikono inabeba mwili mzima.

Nne, usukani uwe sawa na kiti au juu kidogo, viwiko vikunje kidogo. Mikono iliyonyooka kama fimbo hupeleka kila shimo la barabara hadi shingoni.

Wale wanaopenda kuandika, andikeni hivi. Goti likiuma mbele, kiti kiko chini. Likiuma nyuma, kiti kiko juu. Matako yakichubuka upande mmoja, kiti kiko juu na nyonga zinayumba. Viganja vikifa ganzi, pua ya kiti imeinama au usukani uko chini. Kiuno kikiuma, usukani uko mbali. Badilisheni kitu kimoja tu kwa siku, kwa upana wa kidole, kisha mwendeshe. Anayebadilisha vitu vitatu pamoja hajui kilichomponya.

AKINA MAMA NA WATOTO

Akina mama, msiambiwe kwamba baiskeli ni ya wanaume. Fremu yenye bomba lililoinama ilitengenezwa ili mtu mwenye gauni au kitenge apande bila shida. Kitenge kifungwe vizuri, ncha yake isifike kwenye mnyororo wala spoki.

Juu ya watoto nitasema kwa ukali. Mtoto anayekaa kwenye keria miguu ikining'inia, siku moja kisigino chake kitaingia kwenye spoki. Jeraha hilo huchuna nyama hadi mfupa na huchukua wiki nyingi kupona. Fungeni ubao au kipande cha gunia gumu pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na muweke vyuma vya kukanyagia. Ni kazi ya saa moja. Usingoje sauti katika jambo hili, kwa sababu sauti utakayoisikia itakuwa ya mtoto.

NENO KWA KAMATI NA KWA MASHIRIKA

Waheshimiwa wageni, tunashukuru kwa baiskeli ambazo zimetolewa kwa wahudumu wa afya na kwa vikundi vyetu. Lakini mtakapotembelea nyumba zetu, tazameni chini ya paa za nyuma. Mtaziona nyingine zimeegemezwa zimekufa. Hazikufa kwa uzee. Zimekufa kwa kukosa kotapini, raba za breki, au spana ya kuzifungulia. Nyingine zilikuja za kimo kimoja tu, na mama mfupi akapewa baiskeli ambayo miguu yake haifiki, akaiuza kwa nusu ya bei. Msimlaumu.

Naomba mambo matatu. Moja, mkileta baiskeli kumi, fedha za moja kati yake zigeuzwe ziwe spana, pampu, grisi na vipuri. Mbili, pimeni watu kabla ya kununua, kama mnavyopima nguo za shule. Tatu, kamati ichague vijana wawili katika kila mtaa, wa kiume na wa kike, wafundishwe ufundi na mafundi walioko tayari kati yetu. Huko Jinja liko shirika la FABIO linaloshughulika na mambo ya baiskeli, na hatuna haja ya kutafuta maarifa hayo mbali.

Sisi wakazi nasi tuna wajibu wetu. Kila Jumamosi, kabla ya kwenda sokoni, tutoe dakika kumi. Futa mnyororo, bonyeza tairi kwa kidole gumba, piga spoki, tikisa magurudumu, kaza nati za keria, jaribu breki. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya ajali ni mlio mdogo ambao mtu aliuzoea mpaka akaacha kuusikia.

Bwana Mwenyekiti, fundi wetu yuko nje chini ya mwembe na spana zake. Wenye baiskeli zinazolia wazilete sasa, na kila mmoja aje na jibu la swali moja: inalia lini?

 Mungu awalinde njiani.